Pikapu yako inakula shilingi ngapi kwa kilomita? Pima mwenyewe, hatua kwa hatua

Muulize mwenye pikapu gari lake linakula vipi mafuta, atakujibu upesi: "Hii? Inanusa tu." Sasa muulize inanusa kilomita ngapi kwa lita. Hapo utamwona anakagua tairi ambazo hazina tatizo lolote.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nabeba nyanya za Ilula, mkoani Iringa, kupeleka Morogoro kwa Hilux ya injini ya 5L, ile dizeli ya lita 3 isiyo na tabo. Kwa miaka miwili niliamini kazi inalipa, maana kila nikirudi nyumbani mfukoni mlikuwa na chochote. Kisha mwezi mmoja tairi za nyuma na klachi vikaisha kwa pamoja, na hicho chochote hakikuwepo tena. Nikakopa VICOBA ili kulivalisha tairi gari ambalo eti lilikuwa linanilisha. Wiki hiyo nilinunua kaunta buku, na haya ninayoyaandika yametoka humo.

Mifano yangu ni ya dizeli na ya barabara ya Iringa–Morogoro. Hesabu haibadiliki ukiwa na D-Max, L200, Hardbody au Ranger, wala ukiwa unabeba mbuzi badala ya nyanya.

Hatua ya 1: Pima kwa tangi, achana na geji

Mshale wa geji ni wa kukukumbusha sheli, si wa kupimia. Kwenye Hilux nyingi nusu ya juu inashuka taratibu na nusu ya chini inashuka kama jiwe. Fanya hivi:

Jaza tangi mpaka bunduki ya pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, kisha acha. Usimruhusu kijana wa pampu aendelee kupachika ili ifike namba isiyo na chenji. Dizeli hutoa povu, na povu la leo si povu la kesho. Ukianza kupachika, vipimo viwili havitafanana hata kidogo. Andika kilomita za dashibodi. Tembea kazi zako za kawaida, angalau kilomita 300. Rudi kwenye sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limesimama upande uleule, ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia safari hii ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa hizo lita.

Umetembea 416, zimeingia lita 41.6? Gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Kipimo kimoja usikiamini. Chukua vitatu, na kila kimoja ukiandikie kilichokuwa kinafanyika: mzigo, mtupu, mjini, matope.

Risiti ya EFD dai kila mara na uibane ndani ya daftari. Ina lita, bei na tarehe, hivyo hutahitaji kukumbuka. Ikitokea sheli moja inakupa kilomita chache kila ukijaza pale, angalia kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo, na jaribu kwingine mara mbili kabla hujamsingizia mtu. Enzi za kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa zilitufundisha kushuku. Tangu 2010 mafuta yanawekewa vinasaba ili yakaguliwe, lakini daftari lako linabaki kuwa mkaguzi wa karibu zaidi.

Hatua ya 2: Hakikisha dashibodi haikudanganyi

Hapa wengi wanapotea bila kujua. Kihesabu kilomita kinahesabu mizunguko ya gurudumu, hakijui barabara. Gari lilitoka kiwandani na tairi za 205R16, wewe ukalivalisha 265/70R16 kwa sababu linapendeza. Kipenyo cha tairi hizo mpya ni kikubwa kuliko cha zile za zamani kwa karibu asilimia 5. Ukitembea kilomita 105 za kweli, dashibodi itaandika 100. Utalalamika kwamba gari limeanza kula, kumbe limeanza kuhesabu vibaya.

Dawa ni rahisi. Ukiwa barabara kuu, hesabu nguzo za kilomita za pembeni. Weka kihesabu cha safari kwenye sifuri mkabala na nguzo moja, tembea nguzo 50, soma. Kikisema 48, basi kila kilomita za daftari lako zizidishe kwa 50 na kugawa kwa 48. Ramani ya simu nayo itafanya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Geuza hesabu iwe lita kwa kilomita 100

Sisi tumezoea "kilomita kwa lita" na si vibaya kuisema sheli. Ila kwenye kuamua utengeneze nini, inapotosha. Gari likitoka kilomita 8 kwa lita mpaka 10, umeokoa lita 2.5 katika kila kilomita 100. Likitoka 10 mpaka 12, hatua ni ileile machoni, lakini umeokoa lita 1.67 tu. Maana yake pesa nyingi imelala kwenye gari bovu, si kwenye gari zuri. Ukiwa na pikapu mbili, moja inakwenda 8 na nyingine 11, hela ya fundi ipeleke kwa ile ya 8 hata kama ndiyo usiyoipenda.

Kupata lita kwa kilomita 100, chukua 100 ugawe kwa kilomita zako kwa lita. Basi.

Hatua ya 4: Pima kwenda na kurudi

Mji wa Iringa uko juu, karibu mita 1,500 na ushee kutoka usawa wa bahari. Morogoro ni kama mita 500. Nikishuka na tani ya nyanya, mlima wa Kitonga unanipa msaada. Nikipanda mtupu, Kitonga inadai chake. Mwanzoni nilikuwa nasifu gari kwa kipimo cha kushuka, na siku nikirudi na mchele nalilaani. Vyote viwili vilikuwa uongo. Kipimo cha kuwekea bei ni cha mzunguko mzima, kutoka mlangoni mpaka mlangoni, pamoja na ile mizunguko ya kutafuta matenga shambani ambayo hakuna anayeihesabu. Shambani peke yake, gia ya kwanza na ya pili, gari linaweza kula mara mbili ya lami.

Hatua ya 5: Mafuta yanavujia wapi?

Kabla hujaenda gereji, anza na vitu ambavyo havikugharimu kitu.

Upepo kwanza. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema kiasi cha mbele na cha nyuma, na cha nyuma kina namba mbili, ya mtupu na ya mzigo. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukipima baada ya safari, joto limeshaongeza namba na utapunguza upepo usiozidi. Tairi laini inamenyana na lami njia nzima, na inakwisha mabegani kabla ya katikati.

Kisha breki zinazoshika. Tembea kilomita 15 au 20 bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, kuna pistoni imeganda au kamba ya hendibreki imevutwa mno. Ukiwa na jeki, nyanyua uzungushe kwa mkono. Gurudumu la nyuma linalogoma kuzunguka ni mdomo unaokunywa dizeli usiku na mchana.

Kama pikapu yako ni ya zamani yenye 4x4 na hab za kuzungusha kwa mkono, zile swichi zilizo katikati ya magurudumu ya mbele, chuchumaa usome. Niliwahi kutembea mwezi mzima baada ya masika hab zikiwa LOCK, nazungusha difu ya mbele na propela yake bure kwenye lami kavu.

Filta ya hewa: itoe, ielekeze juani. Usipoona mwanga, ibadilishe. Kwenye injini ya kizamani kama yangu ambayo pampu haijui hewa ni kiasi gani, filta iliyoziba huleta moshi mweusi, na moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua. Filta ikiwa safi na moshi haukomi, peleka nozeli zikapimwe.

Sasa nije kwenye ugonjwa wetu mkubwa, na hapa mafundi watanisamehe. Gari likichemka, fundi wa mtaani anang'oa thermostati na kuitupa. "Huku kwetu joto, haina kazi." Ina kazi. Ndiyo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiing'oa, asubuhi ya baridi ya Iringa au Njombe injini inatembea kilomita nyingi ikiwa bado baridi, inakula zaidi, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Mshale wa joto usiopanda kamwe si dalili ya afya. Mimi nilirudisha thermostati mpya, nikasafisha rejeta ambayo ndiyo ilikuwa imeziba tangu mwanzo, na daftari likaonyesha tofauti ndani ya matangi mawili.

Hatua ya 6: Mguu wa dereva

Hewa ni mzigo usioonekana. Msukumo wake hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka 80 kwenda 110 kwa saa, upepo unakusukuma karibu mara mbili. Na pikapu haikuchongwa kama samaki. Kwenye kilomita 200 za barabara wazi, 110 ingekuokolea kama dakika 40. Toa sasa muda wa vijiji vyenye kibao cha 50, toa matuta, toa Mikumi ambako barabara inakatisha hifadhi kwa kilomita 50 na mwendo ni wa kuheshimu tembo, kisha toa tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Tochi moja ni shilingi 30,000, zaidi ya lita 10 za dizeli kwa bei ninayotumia kwenye mfano hapa chini. Nikabaki kwenye 80.

Mteremko: usitoe gia. Najua kuna madereva wanaoshuka Kitonga na frii wakiamini wanabana mafuta. Kinyume chake. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na pampu inakata dizeli. Ukiweka frii, injini inabidi ile ili isizimike. Juu ya hayo umeziachia breki peke yake tani mbili na zaidi kwenye kona zile, na breki zilizochemka hazina hesabu ya lita.

Kusimama ukiwa umewasha: dizeli ndogo ikiunguruma tu inaweza kula nusu lita na zaidi kwa saa. Foleni ya kupakia sokoni ni saa mbili. Zima.

Turubai lisilokazwa linalopepea, na lile kerieri la chuma juu ya kabati ambalo hulitumii, vyote vinavuta hewa. Lakini kushusha mlango wa nyuma wa bodi ili "hewa ipite" hakusaidii. Ukiwa umefungwa, hewa inajizungusha ndani ya bodi na inayofuata inapita juu yake kama kwenye kifuniko.

Hatua ya 7: Mzigo

Pikapu ya kawaida imeundwa kubeba kama tani moja, dereva na utingo wakiwemo. Viazi vya lumbesa havijui hilo. Gunia unaloambiwa ni la kilo 100 huenda lina 130, na magunia kumi ya namna hiyo ni tani moja na kilo 300 kabla hajapanda mtu. Mafuta yataongezeka, ndiyo, lakini si hapo panapouma. Panapouma ni springi zinazolala, bushi, beringi za nyuma, na tairi zinazochanika ubavu. Dai kilo, si idadi ya magunia.

Kuna sababu nyingine ya kutozidisha. Bajeti ya 2017/18 ilielekeza kwamba mazao yasiyozidi tani moja yanayovuka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru wa mazao. Kabla ya kupakia, ulizia getini mambo yakoje kwenye halmashauri unayopita. Tani moja na magunia mawili yanaweza kukuletea ushuru ambao faida ya magunia hayo haiufikii.

Na kama kazi yako ni kilo 300 za mjini, sokoni na nyumbani, huhitaji pikapu. Kirikuu ya Suzuki yenye injini ya sisi 660 iliundwa kubeba kilo 350 na inakwenda mbali zaidi kwa lita moja. Heshima ya pikapu ni ghali.

Hatua ya 8: Sasa hesabu gari lote

Mafuta ni gharama unayoiona kwa sababu unalipa leo. Nyingine zinakusanyika gizani. Namba zifuatazo ni za mfano wa kuonyesha njia, weka zako. Tuseme gari linatembea kilomita 35,000 kwa mwaka, na safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 520.

Dizeli: lita 52 kwa shilingi 2,800 ni 145,600. Kwa kilomita, shilingi 280.

Oili, filta na ufundi: 150,000 kila kilomita 5,000. Shilingi 30.

Tairi nne: 1,400,000, zinadumu kilomita 40,000. Shilingi 35.

Bima, leseni ya LATRA ya kubeba mizigo na makaratasi mengine: 350,000 kwa mwaka. Shilingi 10.

Matengenezo, yaani klachi, shokomzoba, bushi, breki, beringi, betri: 2,100,000 kwa mwaka. Shilingi 60.

Dereva na posho: 50,000 kwa safari. Shilingi 96. Ukiendesha mwenyewe bado iandike, maana siku hiyo ungeweza kuendesha la mwenzako ukalipwa.

Kuchakaa kwa gari: umenunua kwa milioni 32, baada ya miaka 5 utauza kwa milioni 18. Zimeyeyuka milioni 14, sawa na 2,800,000 kwa mwaka. Shilingi 80.

Jumla ni shilingi 591 kwa kilomita. Angalia mafuta yako wapi: 280, hata nusu hayafiki. Safari nzima ni shilingi 307,320. Sasa akupigie dalali akwambie kuna mzigo wa 250,000. Ukitoa mafuta na dereva, mfukoni inabaki 54,400 na utaimba njia nzima. Ukweli ni kwamba umempa ruzuku ya 57,320, na umeikata kwenye tairi na klachi yako. Ndivyo nilivyofanya kwa miaka miwili.

Umeona kuchakaa kunavyozidi oili na tairi kwa pamoja? Watu huninunia nikilitaja, kwa kuwa hakuna risiti yake. Lakini Hilux iliyochoka inaendelea kuuzwa bei ya kutisha kwa sababu thamani yake haiyeyuki upesi, na hilo ndilo la kuangalia unaponunua: gari la bei ya chini lisiloshikilia bei yake linaweza kukugharimu zaidi kwa kilomita kuliko tofauti ya lita mbili tatu za dizeli.

Zamani kulikuwa na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Bajeti hiyohiyo ya 2017/18 iliifuta na kuongeza shilingi 40 za ushuru kwenye lita. Maana yake gari lililolala uani halidaiwi ada hiyo tena, na linalotembea linailipa kidogokidogo kila likinywa. Ukiwa na safari chache, hilo limekusaidia.

Hatua ya 9: Jaza panapofaa, rudi na kitu

EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila wilaya, na unaweza kuziangalia kwa simu kupitia *152*00#. Kadiri unavyokaa mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ndivyo usafiri unavyopandisha bei. Kwa hiyo tangi langu la kurudi nilijaza Morogoro, si Iringa. Tangi la lita 80 likijaa ni kama kilo 67 tu; uzito huo haukupotezei ulichookoa.

Lakini hakuna kubana mafuta kunakoishinda shehena ya kurudi. Safari ya 307,320 ukirudi mtupu imebebwa na nyanya peke yake. Ukirudi na mchele, mananasi au vifaa vya ujenzi kwa 100,000 tu, umepata zaidi ya kile ambacho thermostati, upepo na mguu mwepesi vingekupa kwa pamoja. Ongea na wenye maduka wa huko unakotoka kabla hujashuka, siyo ukiwa tayari sokoni Morogoro jua linazama.

Hatua ya 10: Jua siku ya kuuza

Kwenye daftari weka ukurasa wa matengenezo peke yake, na kila mwisho wa mwezi jumlisha miezi 12 iliyopita ugawe kwa kilomita za miezi hiyo. Mwezi mmoja mbaya hauna neno. Injini huugua kama binadamu. Angalia mstari wa namba hizo mwezi hadi mwezi. Ukipanda miezi sita mfululizo, na ukaanza kuukaribia ule wa kuchakaa, gari linakwambia kitu. Ongeza siku lililolala gereji, kwa sababu nyanya hazisubiri fundi.

Langu lilifika shilingi 140 kwa kilomita. Nikalisafisha, nikaliuza, na kwa kujivuna nikampa mnunuzi kaunta buku aone jinsi lilivyotunzwa. Akasoma kurasa tatu palepale, akapunguza laki tano.